Moto wa Kuazima

Zamani, kabla kiberiti hakijaenea vijijini, mama aliyeamka akakuta makaa ya jikoni yamezimika alimtuma mtoto kwa jirani, na kigae mkononi, akaombe moto. Desturi ile ilikuwa njema kwa kuwa ilifunga udugu. Lakini kila nyumba yenye kujiheshimu ilijua mpaka wake: moto uliombwa asubuhi ya bahati mbaya, haukuombwa kila asubuhi. Nyumba iliyozoea kuomba siku zote ilikoma kuwa jirani, ikawa mtumishi wa mlango wa mwenziwe. Ilipaswa kucheka alipocheka, kununa alipomnunia mtu, na kunyamaza alipokosea. Hapana mtu aliyeitungia sheria hiyo. Moto wenyewe ulikuwa sheria.

Taifa halina tofauti kubwa na nyumba hiyo. Laweza kuwa na bendera, wimbo, bunge na kiti katika baraza la mataifa. Lakini ikiwa moto unaosukuma magari yake, unaokoboa nafaka yake na kupika chakula chake hutoka ng'ambo, na ukikawia siku chache kila kitu husimama, basi sehemu ya mamlaka yake imelala katika bandari za watu wengine. Kusema hivi si kuukataa udugu wa mataifa wala biashara. Ni kukataa kuliita deni kwa jina la urafiki.

Mahali panapolionyesha jambo hili waziwazi ni Kyela, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwenyezi Mungu hakuinyima pembe hii moto. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani hadi ziwani. Mpakani mwa Kyela na Ileje pana makaa ya mawe. Juu yake, Rungwe, ardhi ina joto lililotafitiwa kwa ajili ya umeme, kama vile katika maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka. Hata hivyo, lita moja ya petroli inayomfikisha mwenye bodaboda Ipinda, au dizeli inayozungusha mashine ya kukoboa mpunga, imeanza safari yake katika nchi ya kigeni. Imevuka bahari kwa meli, imepakuliwa pwani, imepanda lori zaidi ya kilometa 900, imepita Kitonga, Uyole na Tukuyu, ndipo ikafika katika kituo cha mafuta cha Kyela. Kila hatua imeiongezea bei, na kila hatua ni mahali ambapo inaweza kukwama.

Bei hiyo hutangazwa mwanzo wa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa tangazo limetoka Tanzania, bei nayo imetungwa Tanzania. Mamlaka hukokotoa; haiumbi. Hujumlisha bei ya soko la dunia, nauli ya meli, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi, ushuru na gharama za usafiri, kisha huandika jumla. Katika hesabu hiyo serikali ina nguvu juu ya kodi na ushuru, na nguvu kidogo juu ya yaliyobaki.

Mkulima wa Kyela hupatwa na jambo hili mara mbili. Kakao yake huuzwa kwa bei inayofuata masoko ya London na New York. Mwaka 2024 bei hiyo ilipanda kuliko ilivyopata kuonekana, hata Desemba tani moja ikazidi dola 12,000 katika soko la New York. Mwaka 2025 ikaporomoka. Mafuta yanayobeba kakao hiyo hadi bandarini nayo hununuliwa kwa bei ya ugenini. Basi mtu huyu huuza kwa mizani ya mgeni na kununua kwa mizani ya mgeni, na katikati ya mizani miwili hiyo liko jembe lake, ambalo halikuulizwa.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kyela haihitaji kwenda mbali kumwona mwenziwe akinyolewa. Yatosha kusimama Kasumulu na kutazama ng'ambo ya Songwe. Tangu mwaka 2022 Malawi imepatwa mara kwa mara na uhaba mkubwa wa mafuta, si kwa kuwa dunia imekosa mafuta, bali kwa kuwa nchi ilikosa fedha za kigeni za kuyanunua. Magari yalipanga foleni usiku kucha, na madumu ya petroli yakavuka mto kwa magendo kutoka upande wa Tanzania. Baadhi ya watu wa mpakani walipata faida, na faida hiyo iliwapumbaza. Waliona shida ya jirani kuwa soko, wasione kuwa ni kioo.

Kioo hakikukawia. Julai na Agosti 2023, vituo vingi vya mafuta nchini Tanzania navyo vilikauka au vikauza kwa kipimo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa uhaba wa dola. Mwaka mmoja nyuma, vita vya Urusi na Ukraina vilipopandisha bei ya dunia, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni 2022 pekee ili kupunguza makali. Vita vilikuwa mbali. Shilingi zilitoka hapa. Mpiga makasia wa Matema hana ugomvi na Moscow wala Kiev, lakini mwenziwe mwenye boti ya injini aliilipia vita hiyo kila alipotia mafuta.

Wala mambo haya si mapya katika pande hizi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia nchi hiyo hiyo. Mwezi uliofuata njia hiyo ilikatika. Nchi yenye umri wa mwaka mmoja tu ikaletewa mafuta kwa mapipa, mengine yakipakiwa katika ndege, mengine katika malori yaliyopambana na barabara ya matope kutoka Dar es Salaam. Ndipo likajengwa bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 hadi Ndola, likamalizika mwaka 1968. Wazee wa Zambia walijifunza katika wiki chache kwamba uhuru walioupata Oktoba 1964 ulikuwa na mfereji, na kwamba ufunguo wa mfereji ulikuwa kwa adui.

Malawi ilijifunza somo hilo kwa njia nyingine. Njia zake za reli zilielekea Beira na Nacala, na serikali ya Dk. Banda ilifungamana na Wareno waliotawala Msumbiji na, tangu mwaka 1967, ikawa na ubalozi na Afrika Kusini ya makaburu. Wengi walimlaumu, na lawama ilistahili. Lakini mwanafunzi wa siasa hana budi kuona pia kwamba mtu ambaye mlango wake wa pekee uko uani kwa jirani hupata sababu nyingi za kumsifu jirani huyo. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilizikata reli zote mbili, na Malawi ikageukia kaskazini: Karonga, Songwe, Mbeya, hadi Dar es Salaam. Tangu hapo Kyela ni kizingiti cha nyumba ya mwingine.

Na haki inataka isemwe kwamba mwenye kizingiti hujaribiwa. Aprili 2025, baada ya Malawi kuzuia baadhi ya mazao ya Tanzania, Tanzania nayo ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Marufuku haikudumu, mazungumzo yaliimaliza upesi. Lakini kila mwenye akili aliona jinsi mlango unavyogeuka kuwa rungu. Ikiwa ndugu waweza kufanyiana hivyo kwa sababu ya ndizi na unga, ni nani atakayeapa kwamba mataifa makubwa hayatafanya hivyo kwa sababu ya mafuta? Yamekwisha kufanya. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12, na Tanzania ikalipa kwa kahawa, pamba na mkonge wake ugomvi ambao haukuwa wake. Watu wazima wanakumbuka Jumapili ambazo magari yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana.

Zipo hoja tatu zinazotolewa kila jambo hili linapotajwa, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima na kwa ukali.

Hoja ya kwanza husema: hapana taifa linalojitosheleza, kununua nje ni kawaida ya dunia. Ni kweli, lakini si jibu. Swali si kama taifa linanunua; swali ni kama laweza kukataa. Mnunuzi mwenye akiba ghalani na milango mitatu ya kununulia ni mteja. Mnunuzi asiye na akiba, mwenye mlango mmoja, ni mateka anayelipa. Karibu theluthi mbili za karne baada ya Uhuru, Tanzania haisafishi hata pipa moja la mafuta. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kiliacha kusafisha mwishoni mwa karne iliyopita, kikabaki ghala. Ilisemekana kwamba mafuta yaliyokwisha kusafishwa ni rahisi zaidi kuyanunua. Huenda yalikuwa rahisi. Lakini hesabu iliyofanywa haikuwa na safu ya hatari. Takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita katika mlango mwembamba wa Hormuz. Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana siku 12, na soko likatetemeka. Tangu Novemba 2023 meli za Bahari ya Shamu zimeshambuliwa, na nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safu hiyo ya hatari ni nani aliyeijaza?

Hoja ya pili husema: Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, lina megawati 2,115, gesi ya Songo Songo na Mtwara ipo, basi shida imekwisha. Bwawa ni fahari ya haki, nalo ni ushahidi kwamba taifa laweza. Lakini umeme wa Rufiji haumiminwi katika tangi la lori. Malori, boti, matrekta na pikipiki za Kyela hazikubadilika siku mitambo tisa ilipokamilika mwaka 2025. Na kuhusu gesi, ipo dhana inayowapoteza hata wasomi. Gesi inayochimbwa Songo Songo husafiri kwa bomba, na sehemu kubwa huwasha mitambo ya umeme na viwanda. Gesi ya mitungi inayouzwa madukani Kyela si hiyo. Ni gesi nyingine, itokanayo na uchakataji wa gesi asilia na usafishaji wa mafuta, nayo huletwa nchini kwa meli. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Shabaha ni njema. Moshi wa kuni umeua akina mama wengi na kukata misitu mingi. Lakini ikiwa safari hiyo yote itafanywa kwa mtungi peke yake, basi jiko, ambalo hata ukoloni haukuweza kulifunga, litakabidhiwa funguo kwa wafanyabiashara wa ng'ambo. Mama atakuwa ametoka katika moshi na kuingia katika soko la dola.

Hoja ya tatu ndiyo tamu kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo ya hatari: huenda yapo mafuta chini ya ziwa, yakichimbwa, Kyela itakuwa Kuwait. Ndoto hii tayari imekwisha kuuza ugomvi kabla haijauza pipa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliochorwa Ulaya na watu ambao hawakupata kuvua usipa, uliacha mpaka ambao Malawi huusoma kuwa ufuo wa Tanzania, na Tanzania huushikilia kuwa katikati ya maji. Kwa miaka mingi ugomvi ulilala. Wavuvi wa pande zote waliendelea kukutana ziwani, kuoana na kuzikana. Mwaka 2011 Malawi ikatoa leseni ya utafutaji kwa kampuni ya Surestream ya Uingereza, na mwaka 2012 Tanzania ikataka utafutaji usimame. Maneno ya vita yakasikika katika nchi ambazo hazijawahi kupigana. Shauri likapelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano, na hadi leo mwisho wake haujapatikana. Upande wa Tanzania nao ulikuwa na kitalu chake chenye jina la Kyela katika ramani za Shirika la Maendeleo ya Petroli. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lakini hapa hata fahali wenyewe walikuwa wameazima pembe.

Tuseme mafuta yapatikane. Mafuta ghafi si petroli. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, limekusudiwa kupeleka mafuta ghafi ya Uganda sokoni ng'ambo. Asilimia 62 ya kampuni yake ni ya TotalEnergies ya Ufaransa, na Tanzania ina 15. Tanga hiyo hiyo hupokea meli za petroli iliyosafishwa ugenini. Ghafi itokayo na safi iingiayo zaweza kupishana baharini, na tofauti ya bei zao ibaki kwa mwenye kiwanda. Na ziwa lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani halitajazwa tena likimwagikiwa na mafuta.

Mwenye shaka na atazame Kiwira. Mgodi ule wa makaa ya mawe ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1988, na mtambo wake wa megawati 6. Makaa ni ya nchi, mlima ni wa nchi, wachimbaji ni wa nchi. Mwaka 2005 hisa nyingi zikauzwa kwa kampuni ya watu binafsi. Ikaahidiwa mitambo ya megawati 200. Megawati hizo hazikuonekana. Kazi ikadorora, wafanyakazi wakadai mishahara yao, serikali ikaurudisha mgodi mikononi mwake, na mwaka 2013 ukakabidhiwa Shirika la Madini la Taifa. Hapa hapakuwa na Hormuz, wala vita, wala uhaba wa dola. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kiwira inafundisha kwamba kutegemea si jambo la kuwa na moto au kutokuwa nao. Ni jambo la nani ashikaye kigae, na nani anayeruhusiwa kumwuliza amekipeleka wapi.

Kwa hiyo dawa haiko katika kufunga mipaka, wala katika kusubiri hazina izuke chini ya maji. Iko katika mambo yanayojulikana na yanayocheleweshwa. La kwanza ni akiba ya taifa ya mafuta, iwekwe bara pia na si pwani tu, ili Mbeya na Kyela zisiwe za mwisho kupata na za kwanza kukosa. La pili ni kupunguza kiu yenyewe: ikiwa nchi sasa ina umeme wake, basi pikipiki, mashine za kukoboa na jiko ziuhamie umeme huo kwa bei anayoiweza mkulima. La tatu ni kutumia kilicho mlangoni: pumba za mpunga zinazochomwa bure msimu wa mavuno, joto la ardhi la Rungwe, na mkaa mbadala utengenezwao kwa makaa ya Kiwira, ambao Shirika la Madini limeanza kuuza kwa jina la Rafiki Briquettes, ingawa moshi na gesi ya makaa ya mawe vinataka tahadhari isiyo ya mdomo tu.

La nne ni Songwe. Mto huu hubadili njia yake mafuriko yanapokuja, hata shamba lililolala Tanzania likaamkia Malawi. Mwaka 2017 nchi mbili zilitiliana saini mkataba wa kuunda kamisheni ya bonde lake, na sekretarieti ikawekwa Kyela. Katika mipango yake limo bwawa la Songwe ya Chini, lenye uwezo wa megawati 180 hivi, ambalo lingezuia mafuriko, lingemwagilia mashamba ya pande zote, na lingegawa umeme kwa haki. Bwawa hilo bado ni karatasi. Leseni ya kutafuta mafuta ziwani ilipata wafadhili upesi. Bwawa la kuwapatanisha majirani limekaa likiomba. Katika tofauti hiyo yamo maelezo yote ya siasa ya nishati: fedha ya kigeni hukimbilia kinachoweza kubebwa na kuondoka nacho, na huchelea kinachobaki.

La mwisho linawahusu wanafunzi na wanazuoni. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kuiwezesha nchi kupitia upya mikataba ya mali asili yenye masharti mabaya. Sheria ni nusu ya kazi. Mikataba yenyewe huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mwenye shamba la Kyela ambalo bomba au mgodi utapita hapewi hata ukurasa mmoja katika lugha anayoijua. Chuo kikuu kinachotoa shahada za uchumi, uhandisi na Kiswahili, kisha kikashindwa kumfasiria raia mkataba unaouza moto wake, nacho ni mwombaji moto: huazima maneno kama nchi inavyoazima mafuta. Kazi ya kuifasiri mikataba hiyo, kuieleza na kuihoji haihitaji mkopo wa benki yoyote. Inahitaji watu waketi chini wafanye.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii hutajwa kwa wavivu, lakini Wanyakyusa wa Kyela si wavivu. Mpunga na kakao yao ni ushahidi. Wametegemezwa. Mtoto aliyetumwa kwa jirani hakosi. Mwenye kosa ni aliyelala akaacha makaa yazimike, huku kuni zimejaa uani.